Ukuta wa Nyuma

Ufa niliuona Jumatatu asubuhi, tarehe kumi Aprili mwaka wa 1972, nilipoingia kupima dirisha la chumba cha watoto. Ulianzia chini ya dirisha, ukashuka kwa kupinda kama njia ya siafu, ukaishia shubiri moja juu ya sakafu. Ulikuwa mwembamba, ukucha haukuingia. Nilitoa penseli mfukoni nikaweka alama pale ulipoishia, na kando yake nikaandika tarehe. Kisha nikapiga magoti kwenye vumbi la saruji nikasema, "Bwana, usiache ukuta huu uniaibishe."

Sikuomba vizuri siku ile. Niliomba nisione aibu, wakati watoto wangu watatu ndio wangelala chini ya ukuta ule.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha chai cha kampuni moja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kaplong, nikilisha majani kwenye mashine ya kukausha. Mwezi wa Machi niliaga kazi. Shamba langu la ekari mbili lilikuwa tayari lina miche ya chai iliyoshika, na mkono mmoja haungeweza kutunza chai mbili. Kampuni ilinipa hadi tarehe thelathini Aprili niwe nimetoka katika chumba changu cha laini, zile nyumba za wafanyakazi. Siku iliyofuata mtu mwingine angeingia na mke wake na masufuria yake. Sisi tungekuwa katika nyumba yetu mpya, au tungekuwa barabarani.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Matofali tuliyafinyanga na kuyachoma wenyewe, mimi na Mellen mke wangu, tukayajenga kwa udongo na kupiga lipu ya saruji juu yake. Mabati yalikuwa mapya. Kwa kuwa shamba limeinama, nilikata kilima nipate pahali palipo sawa, na ukuta wa nyuma ukawa karibu sana na ule udongo uliokatwa. Katikati palibaki nafasi ya kupita kuku. Upepo wa baridi ulikuwa unapita hapo unapiga filimbi, kwa hiyo niliijaza nafasi ile kwa udongo mpaka chini ya dirisha, nikaushindilia kwa miguu. Nilijiona nina akili.

Nilimwonyesha fundi wangu, Alexander, ule ufa.

"Huo si ufa, bwana Nyaberi," alisema. "Ukuta mpya lazima ujinyooshe. Wewe ukiamka asubuhi hujinyooshi?"

"Mimi nikijinyoosha sipasuki."

Alicheka, akakusanya vyombo vyake. Kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha, na kule Mulot kulikuwa na mtu anayemngoja amjengee duka. Alipanda lori la ng'ombe siku iyo hiyo.

Nikaandika barua kwa baba yangu. Barua zote za kwetu zilikuwa zikiandikwa na karani wa kiwanda, lakini hii niliiandika kwa mkono wangu, maana nilikuwa na mwaka wa pili katika darasa la jioni la watu wazima. Ilinichukua muda wote wa jioni. Niliandika: "Tata, njoo ukague nyumba kabla hatujaingia. Ukuta wa nyuma una ufa. Tarehe thelathini tunahama. Mungu akulinde njiani."

Baba yangu, mzee Gekara, ni mwashi. Alijifunza kwa wamisionari wakati mimi sijazaliwa, na makanisa mawili na shule moja upande wa Ogembo ni kazi ya mikono yake. Hakuna mtu mwingine ambaye ningeamini neno lake juu ya ukuta. Lakini yeye hakutaka ninunue shamba huku. "Huko ni kwa watu," alisema nilipomwambia, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za nyumba.

Niliandika "kabla hatujaingia" kwa sababu. Kwetu Kisii, mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si kwa ugomvi, ni heshima. Anaweza kukaa uani, anaweza kuletewa chakula nje, lakini mlango ule haupiti mpaka kufa kwake. Ila nyumba ambayo bado haijapikwa ndani ni kazi ya fundi tu. Humo angeweza kutembea na kofia yake kichwani, akapigapiga kuta na kunitukana apendavyo.

Jumatano ikanyesha mvua ya mawe.

Mellen alikuwa anapika ugali uani, wa wale watu waliokuja kufunga milango. Mawe yalianza kupiga mabati, kisha sufuria. Priscah Chepkirui, jirani yetu, mke wa Bethwel Kipkemoi, alikuwa ameleta maziwa. Yeye ndiye aliyempigia Mellen kelele.

"Mama Nyambeki! Utasonga ugali na barafu?"

Alishika sufuria kwa kanga yake akaikimbiza ndani. Mellen akabeba kuni. Mimi, Nyaberi, nilibeba mawe matatu ya jiko, moja baada ya jingine, nikayapanga katika chumba cha mbele. Tulipika, tukala, tukacheka. Chakula kile nilikiombea mimi mwenyewe kwa sauti kubwa, nikashukuru kwa ajili ya nyumba, na nikala mara mbili. Katika watu wote waliokuwemo hakuna aliyekumbuka. Priscah ni Mkipsigis, hakujua. Sisi wawili tulijua, lakini tulikuwa na njaa na tulikuwa na furaha.

Ijumaa akaja Bwana Afya kwa pikipiki kukagua nyumba, kijana mpole aliyevaa viatu vya mpira. Alifunga jiwe kwenye kamba akalitumbukiza chooni apime urefu wa shimo. Alihesabu hatua kutoka chooni mpaka kisimani. Aliingia ndani akafungua kila dirisha na kulifunga. Katika chumba cha watoto alisimama, akavuta pumzi.

"Hewa ni nzuri," alisema. "Wengi huku wanaweka dirisha kama la kuku. Wewe umefanya vizuri, mzee."

Nilimshukuru. Wakati huo wote mgongo wangu ulikuwa umeegemea ukuta, na ufa ulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kwanza sikukusudia. Halafu nikakusudia.

Aliandika karatasi, akapiga muhuri, akanipa. Niliisoma yote, neno kwa neno, kidole changu kikifuata mistari. Choo, sawa. Madirisha, sawa. Jiko, sawa. Nyumba inafaa kukaliwa na watu. Nilikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, nikajiambia kwamba jambo limekwisha.

Lakini halikwisha, maana kila siku nilirudi na penseli. Jumapili alama ilikuwa mbili. Jumanne tatu. Siku ya Jumatano ufa ulifika sakafuni, na ukucha uliingia. Nilikuwa natembea kutoka laini mpaka shambani asubuhi, na kurudi mchana, na kwenda tena saa kumi, kana kwamba ukuta ni mgonjwa amelazwa. Njiani nilijaribu kuomba, lakini maneno yalikuwa yanakatika. Nilikuwa nasema "Baba yetu uliye mbinguni," kisha najikuta nahesabu matofali.

"Utaumaliza huo ukuta kwa macho," Mellen aliniambia.

"Bwana Afya amepitisha."

"Kama amepitisha, mbona hulali?"

Tata alikuja Alhamisi. Alishuka kwenye basi pale Kaplong akiwa na kikapu chenye mwiko, timazi na nyundo ndogo, akatembea mpaka shambani bila kuuliza mtu, kwa maana aliona mabati mapya kwa mbali. Mellen alimsalimu akiwa amesimama mbali, ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mkaza mwana. Bethwel, mume wa Priscah, alikuwa ameegemea ua, akiangalia. Nilimpokea mzee kikapu nikamwelekeza mlangoni.

Aliinua mguu. Kisha akaurudisha chini.

Alikuwa anaangalia sakafu ya chumba cha mbele, yale mawe matatu meusi na majivu katikati.

"Nani amepika hapa?"

Mellen hakuinua macho. "Ni mimi, Tata. Ilikuwa mvua ya mawe."

"Nyaberi. Ulikula?"

"Nilikula, Tata."

"Ndani?"

"Ndani."

Alivua kofia akajipangusa paji la uso, akaivaa tena. "Basi mmeniita kutoka Ogembo nije nione mlango."

Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa, na Mungu haangalii majivu. Nilimwambia watoto wangelala humo baada ya siku kumi. Nilisema mengi, na mengine kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa baba yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilibatizwa kabla yako," alisema. "Mchungaji aliniambia niache pombe, nikaacha. Hakuniambia niache kumheshimu mke wako."

Bethwel alishindwa kunyamaza. Aliruka ua akaja. "Mzee, mimi si mtoto wako. Acha niingie mimi, niwe macho yako. Wakisii nyinyi mnajenga nyumba halafu mnaikimbia!"

"Na wewe ukikutana na mama mkwe wako njiani unafanyaje?"

Bethwel alicheka mpaka akashika magoti. "Naingia kwenye chai, mzee. Nalala chini kabisa."

"Basi nyamaza. Nyaberi, ingia wewe. Chukua nyundo."

Alizunguka nyumba akapanda juu ya kile kilima nilichokikata, akashuka kwa makalio mpaka kwenye udongo nilioujaza, akasimama nje ya dirisha la watoto. Aliushindilia udongo kwa kisigino, akautazama, akanitazama mimi kupitia dirishani.

"Gonga juu. Polepole."

Niligonga. Sauti ilikuwa kavu, kali.

"Shuka."

Niligonga.

"Shuka tena. Hapo. Rudia."

Hapo ukuta haukuitika. Ilikuwa kama kugonga gunia la viazi. Nilisogea kushoto, nikagonga, ikawa vile vile. Kulia, vile vile. Tata alikuwa amefumba macho, kichwa chake kimeegemea fremu ya dirisha upande wa nje, bila kuvuka hata pua.

"Weka shavu," alisema.

"Wapi?"

"Ulipogonga. Shavu, si mkono. Mkono wa mtu wa kiwanda umekufa."

Nilipiga magoti nikaweka shavu. Lipu ilikuwa na baridi, baridi ya kitu kilichotoka mtoni. Na ilikuwa na harufu. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinuka na kumwambia.

"Ni baridi, Tata."

"Baridi ya jiwe au baridi ya chura?"

"Ya chura."

"Bomoa."

Nilisimama nikamwendea dirishani. Tulikuwa karibu, nusu ya mkono kati yetu. Nilimwambia hakuna muda. Nilimwambia tarehe thelathini ni Jumapili ya juma lijalo. Nilimtolea ile karatasi kutoka kwenye Biblia nikamsomea kwa sauti, pamoja na tarehe na jina lililo chini ya muhuri.

"Huyo kijana aliweka shavu?"

Niliikunja ile karatasi.

"Ulimwonyesha huo ufa?"

"Nilisimama mbele yake," nilisema.

Tata alitazama chini kwenye udongo. Nilifikiri atanitukana, lakini alisema tu, "Basi hajakosea. Amekagua alichoonyeshwa."

Hapo ndipo nilisema lile neno lililokuwa tumboni tangu mwaka juzi. "Wewe hukutaka nijenge huku. Tangu mwanzo hukutaka. Ungefurahi ukuta huu ukianguka, nirudi nyumbani."

"Ndiyo, sikutaka," alisema. "Na ukuta bado una maji."

Akapanda kilima, akaenda zake kwa Bethwel, ambako angelala. Nilisikia Bethwel anampa maziwa ya kibuyu, na Tata analalamika kwamba yana makaa, na Bethwel anamwambia makaa ndiyo yenyewe, mzee, yanasafisha tumbo. Walicheka. Mimi nilibaki katika kile chumba.

Niliomba hapo. Safari hii sikuomba juu ya aibu. Nilimwambia Mungu kwamba sijui nani anasema kweli, moyo wa baba yangu au masikio yake, na kwamba kama nikibomoa bure nitalala barabarani na watoto, na kama nisipobomoa nitawalaza chini ya kitu nilichokificha kwa mgongo wangu mwenyewe. Hakuna sauti iliyonijibu. Lakini nilipomaliza, nilikuwa nimemwona akilini mtoto wetu mdogo, anavyolala amejibana ukutani daima, hata umvute namna gani. Nikaenda kutafuta miti ya kuegemeza paa.

Ijumaa alfajiri tuliweka miti minane chini ya mwamba wa paa, mimi na Bethwel, Tata akituelekeza kutoka nje. Mwamba ndio ule mti unaolala juu ya ukuta na kubeba paa; ukiuondolea ukuta bila nguzo, mabati yote yanakufuata. Kwanza tulitoa dirisha na fremu yake. Kisha nikachukua sururu. Matofali yale niliyajua. Kuna mengine yalikuwa na alama ya vidole vya Mellen.

Wakati huo Mellen alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Aliingia chumba cha mbele, akabeba mawe matatu ya jiko akayatoa uani. Akazoa majivu kwa karai. Akafagia sakafu, akainyunyizia maji, akafagia tena. Akapika chai nje, chini ya upenu wa paa, mgongo wake ukiwa upande wetu.

Tuliondoa ukuta kutoka juu. Matofali ya juu yalitoka mazima na makavu, yakilia kama vigae. Baada ya kozi ya saba, yaani mstari wa saba kutoka juu, yakaanza kuwa meusi. Baada ya kumi na mbili yalikuwa yanameguka mkononi kama mandazi yaliyochovywa kwenye chai. Udongo wa katikati ulikuwa tope. Na tulipofika msingi, maji yalikuja wazi, membamba, safi kabisa, yakitoka katika kilima nilichokikata, yakipita kwenye ule udongo nilioujaza na kuushindilia kwa miguu yangu. Yalikuwa hayana haraka. Yalitambaa mpaka katikati ya chumba cha watoto yakasimama hapo.

Bethwel alipiga mluzi. "Umejenga juu ya kisima, jirani."

Niliketi chini, hapo hapo kwenye tope.

Kisha nikaona viatu vya Tata. Vilikuwa upande wa ndani. Alikuwa amepita pale ukuta ulipokuwa, akiwa na kofia kichwani na timazi mkononi, na alikuwa ameinama anayatazama maji yanakotoka. Bethwel alifungua mdomo; nilimtikisia kichwa, akaufunga. Mellen alikuwa uani na hakugeuka.

"Inuka," Tata alisema. "Jua linatua saa kumi na mbili na nusu, na sisi ni watu wa Sabato. Tutoe udongo wako wa akili."

Tulitoa. Tulichimba mtaro nyuma ya nyumba, kina cha goti, tukaujaza mawe ya mtoni nusu, ili maji yawe na njia ya kupita chini bila kugusa msingi. Hatukumaliza. Jua lilipotua Tata aliweka sururu chini katikati ya pigo, akanawa mikono, akaimba.

Siku ile ya Sabato ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilikaa kanisani nikisikiliza somo, na masikio yangu yote mawili yalikuwa nje. Mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana. Nyumba yangu ilikuwa kama kinywa kilichong'olewa meno, paa limesimama juu ya miti minane. Nilimwomba Mungu azuie mvua siku moja. Halafu nilikumbuka chai ya watu wote, na mahindi yao, nikaona haya, nikaomba tu miti ishike. Ilinyesha. Miti ilishika.

Jumapili tulimaliza mtaro, tukaanza kupandisha ukuta. Saruji tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya sakafu, mifuko miwili, yote iliingia katika msingi na kozi tano za kwanza. "Watoto watacheza kwenye udongo," Tata alisema. "Udongo haujaua mtoto." Yeye alikuwa ndani na mimi nje, naye alifanya kazi kama kijana, ananisahihisha kila tofali.

"Hilo limelewa."

"Liko sawa, Tata."

"Limelewa. Litoe. Wewe ulifundishwa na nani, mchunga mbuzi?"

"Nilifundishwa na wewe."

"Basi nilikuwa na homa."

Jumatatu ukuta ulifika magotini. Jumanne kiunoni. Tata alikuwa anaruka juu yake kuingia na kutoka, akiwa ameshika bega langu. Alikitembea kile chumba kutoka kona hadi kona. Alitazama mlango, alipapasa lipu ya ukuta wa katikati. Mara moja niliona anasimama pale ambapo kitanda kingekaa, anatazama nje penye kilima, kile atakachokiona mtoto akiamka. Hakujua namwona.

Jumatano asubuhi, wakati ukuta umefika kifuani mwake, hakuanza kazi. Alikusanya mwiko wake na timazi, akanipa nivishike, akapanda juu ya ndoo, akavuka kwenda nje.

"Sasa ingia wewe," alisema.

Tulibadilishana. Kuanzia hapo alijenga akiwa nje na mimi nikiwa ndani. Tuliweka fremu ya dirisha, tukaendelea juu yake na kandokando yake. Kwa siku mbili niliona kichwa chake, kisha kofia, kisha mikono tu, myeusi, yenye saruji kwenye mikunjo ya vidole, ikipokea tofali na kulilaza. Ijumaa mchana tulibakiza tofali moja chini ya mwamba. Mikono ikalisukuma, likaingia, chumba kikawa giza upande ule.

Jumapili, tarehe thelathini, tulihama kwa mkokoteni wa Bethwel. Safari mbili: vitanda, masufuria, kuku watatu, sanduku la nguo. Nilimrudishia msimamizi wa laini ufunguo. Mellen aliingiza yale mawe matatu akayapanga tena, safari hii katika chumba cha jiko, akawasha moto. Tata aliletewa chai yake uani. Alikuwa amefunga kikapu. Basi lake lingekuja kesho.

Saa kumi mvua ilianguka. Si ya kawaida. Ilikuja kwa upande, na mara moja hatukusikiana. Watoto walipanda kitandani wakashangilia kelele ya mabati. Mimi nilisimama katikati ya chumba chao nikitazama chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. Niliomba bila maneno. Nilingoja doa jeusi la maji.

Kulikuwa hakuna kitu. Sikuamini, nikaendelea kutazama.

Ndipo nilisikia sauti ya Tata nje, nyuma ya nyumba, anapiga kelele juu ya mvua.

"Yanapita! Nyaberi! Yanapita yote!"

Nilifungua dirisha. Alikuwa amesimama kwenye mtaro na maji mpaka juu ya viatu, kofia imelowa imemwangukia masikioni. Alikuwa na miaka sabini na moja. Nyuma yangu moto ulikuwa unawaka na Mellen anamimina uji. Kinywa changu kilifunguka kumwambia aingie ndani, nikakifunga. Nyumba ilikuwa imeshapikwa ndani.

Nilichukua magunia mawili penye mlango nikatoka. Moja nikamfunika nalo, jingine nikajifunika mwenyewe, nikasimama naye mtaroni. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda kwa nguvu, yanazunguka kona ya nyumba na kuteremka shambani.

"Yanakwenda wapi?" niliuliza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria hilo. Kutoka chini, ng'ambo ya ua, sauti ya Bethwel ilitujibu.

"Ninyi Wakisii! Maji yenu yako kwenye miche yangu! Mnaniosha chai!"

"Tunakuja!" Tata alimjibu. Akanigeukia, maji yakimtiririka puani. "Leta majembe mawili. Haraka, kabla hajamwita mkewe."

Nikakimbia kuyaleta.